Pilipili ya ukwaju kutoka Kimara: ladha imekomaa, chupa bado

Kati ya pilipili za chupa zinazotengenezwa na wajasiriamali wadogo wa Dar es Salaam ambazo nimezionja mwaka huu, hii ya ukwaju inayotoka Kimara ndiyo pekee ambayo nimeendelea kuinunua kwa fedha yangu baada ya kumaliza kuitathmini. Mtengenezaji wake ni mama mmoja aliyekuwa akipika vyakula vya harusi na misiba, ambaye sasa ameamua kuifanya biashara ile pilipili yake ambayo watu walikuwa wakiiulizia kuliko wali na nyama alivyokuwa akilipwa kuvipika. Anazo aina tatu: ya ukwaju, ya embe bichi, na ya kitunguu saumu iliyohifadhiwa kwenye mafuta. Jina la bidhaa silitaji kwa sababu bado linasubiri kusajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na yeye ameniomba lisitangazwe kabla halijawa lake kisheria, ombi ambalo naliona ni la busara. Kwa sasa inapatikana katika mabucha na maduka machache ya Kimara na Mbezi, na kwa wanaoagiza kwa simu inaletwa na bodaboda.

Nimefanya kazi ya ununuzi katika duka la vyakula kwa muda wa kutosha kuona chupa nyingi za namna hii zikiingia rafuni kwa matumaini makubwa na kurudishwa kwa mwenyewe zikiwa zimevimba, zimebadilika rangi au zimejaa vumbi. Kwa hiyo nimeitazama bidhaa hii kama mlaji anayetaka mlo wake unoge, na pia kama mtu anayepaswa kuamua iwapo chupa hii inaweza kukaa dukani miezi kadhaa katika joto la Dar es Salaam, ikauzwa, na mteja yuleyule akarudi kuulizia nyingine. Swali hili la pili ndilo linaloangusha wengi wanaoanza, kwa kuwa wengi hudhani kazi imekwisha pale jirani anaposema ni tamu.

Nianze na ya ukwaju. Ukiifungua, harufu inayotangulia ni ya ukwaju uliochemshwa, ikifuatiwa na tangawizi, na pilipili yenyewe huja mwisho, jambo ambalo si la kawaida kwa bidhaa za wanaoanza, ambazo nyingi humpiga mtu puani kwa siki kabla hajaona kilichomo. Rangi yake ni ya kahawia yenye wekundu kwa ndani. Nilitia kijiko kimoja katikati ya sahani nyeupe nikakiacha kwa robo saa, nikitazama iwapo maji yangejitenga na kuchora pete pembeni. Hayakujitenga, na sosi ilibaki palepale kama ilivyomwagwa, ikiwa laini bila mabonge na bila nyuzi za ukwaju. Mama aliponieleza kwamba hatii wanga wala unga wowote wa kuifanya sosi iwe nzito nilitaka kujua siri yake, na jibu ni karoti: huzichemsha hadi zilainike kabisa, akazisaga pamoja na pilipili mbuzi na kitunguu maji, kisha akachuja mchanganyiko wote mara mbili kabla ya kuurudisha jikoni pamoja na rojo la ukwaju, siki, chumvi na sukari kidogo. Karoti ndiyo inayoshika maji, na ndiyo inayopunguza makali bila kuua harufu ya pilipili mbuzi, harufu ile ya tunda ambayo hupotea pilipili inapochemshwa mno.

Mdomoni, uchachu unaingia kwanza, utamu mdogo unapita, na moto unapanda taratibu kutoka nyuma ya ulimi hadi kwenye midomo, ukakaa kwa dakika chache na kuondoka. Kwa mihogo ya kukaanga sijaonja kitu kinachoifaa zaidi, kwa sababu muhogo ni mkavu na hauna ladha kubwa yake wenyewe, kwa hiyo unahitaji kitu chachu chenye mwili. Kwa samaki wa kukaanga aliyenunuliwa Feri asubuhi inafanya kazi ya ndimu na pilipili kwa pamoja. Kwa kachori na sambusa ni nzuri sana. Kwa mishikaki ni nzuri ikipakwa nyama ikiwa imeshaiva, kwani ikipakwa mapema sukari iliyomo huungua na kuacha uchungu. Kwa supu ya ng'ombe siipendekezi, kwa kuwa ukwaju huichafua rangi na kuishinda ladha ya mifupa. Supu inataka pilipili ya kukamua na ndimu, basi.

Kuhusu ukali wenyewe, mama huyu amefanya uamuzi ambao wengi hawathubutu kuufanya: ameupunguza. Pilipili mbuzi ni ya jamii moja na ile inayoitwa habanero, na ukali wake kwa kipimo cha Scoville, kilichobuniwa mwaka 1912 na mwanafamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, huwa kati ya 100,000 na 350,000. Tabasco, sosi inayouzwa dunia nzima na iliyoanza kutengenezwa katika jimbo la Louisiana mwaka 1868, ina kati ya 2,500 na 5,000 tu kwa kipimo hichohicho. Ukali basi ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukipata katika biashara hii. Kilo moja ya pilipili mbuzi inatosha kuifanya sufuria nzima isilike. Kilicho kigumu ni kumfanya mtu atake kijiko cha pili. Vijana wengi wanaoanza hushindana kwa kuandika kwenye lebo kwamba yao ni kali kuliko zote, na mteja huinunua mara moja ili awaoneshe rafiki zake, kisha chupa hukaa kwenye friji mwaka mzima bila kuisha. Chupa isiyoisha haileti oda nyingine. Chupa ya ukwaju nyumbani kwangu huisha kabla ya mwezi kwisha, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo muhimu kuliko kile cha Scoville.

Sasa niingie kwenye jambo lisiloonekana kwa macho wala kuonjeka kwa ulimi, ambalo ndilo msingi wa usalama wa sosi yoyote ya chupa: kiwango chake cha asidi. Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, ambaye sumu yake hupoozesha mwili na huweza kuua, hawezi kukua katika chakula chenye pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi) ya 4.6 au chini yake, na ndiyo maana watengenezaji makini hulenga chini ya 4.0 ili wabaki na nafasi ya makosa. Nilitumia kipimo kidogo cha kielektroniki, nikakirekebisha kwanza kwa vimiminika vyake vya 4.01 na 7.00, kisha nikapima chupa za ukwaju kutoka matoleo mawili tofauti. Moja ilisoma 3.5 na nyingine 3.6. Hayo ni matokeo mazuri sana, na yanaonesha kwamba mtengenezaji anapima viungo kwa mizani, si kwa kukisia kwa mkono. Nilipomuuliza alinionesha daftari lake, ambamo kila toleo lina tarehe, uzito wa kila kiungo kwa gramu, na muda wa kuchemsha. Daftari lile linanipa imani kuliko sifa za mashabiki wake wote.

Ya embe bichi haijafika hapo. Ladha yake ni ya kupendeza, nyepesi na yenye harufu ya binzari, na mtoto wa dada yangu ambaye hali pilipili kabisa aliila kwa chipsi. Hata hivyo chupa moja ilisoma 3.7 na nyingine 4.2, tofauti ambayo ni kubwa mno kwa bidhaa yenye jina moja, na chanzo chake si kigumu kukiona: embe bichi la mwanzoni mwa msimu lina asidi nyingi, na kadiri linavyoelekea kuiva asidi hiyo hupungua na sukari huongezeka. Anayepima embe kwa kilo bila kupima uchachu wake atapata sosi tofauti kila mwezi, hata akilifuata daftari lake herufi kwa herufi. Tiba yake ni kupima kila sufuria kabla ya kuijaza kwenye chupa, na kuongeza siki au asidi ya sitriki hadi ifike kiwango kilekile. Kasoro nyingine ni kwamba baada ya majuma kadhaa kwenye rafu ya dirishani kwangu, maji yalipanda juu na nyama ya embe ikazama chini, na mteja wa duka akiona hivyo huamini imeharibika hata kama ni salama. Hii ninaiweka kando kwa sasa, nikiwa na matumaini nayo.

Ya kitunguu saumu kwenye mafuta ninasema wazi isinunuliwe na isiuzwe kama ilivyo. Najua inapendwa, na najua ndiyo inayotoka haraka kuliko zote kwenye mabucha, lakini kitunguu saumu kina asidi ndogo, hutoka ardhini kikiwa na vijimbegu vya yule bakteria niliyemtaja, na kikizamishwa kwenye mafuta kinakosa hewa, hali ambayo bakteria huyo anaipenda. Kuchemsha kwa kawaida hakusaidii, kwa kuwa vijimbegu hivyo huvumilia maji yanayochemka na huhitaji mvuke wa shinikizo wa nyuzijoto 121 ili viuawe. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula chakula cha mgahawa kilichotiwa kitunguu saumu kilichohifadhiwa kwenye mafuta, na mwaka 1989, baada ya watu wengine kuugua huko New York, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza bidhaa za namna hiyo zitiwe asidi au kinga nyingine, friji peke yake isitegemewe. Niliyachuja mafuta ya chupa niliyonunua nikapima mabaki yake, nayo yalisoma 5.6. Nilimpigia mama simu jioni ileile.

“Lakini mwanangu, bibi yangu alikuwa anaiweka hivyohivyo, na hakuna aliyewahi kuumwa,” aliniambia.

Nilimjibu, “Mama, bibi alikuwa anatengeneza ya kula siku mbili tatu. Wewe unaiweka dukani miezi mitatu, na anayeila humjui.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuloweka kitunguu kwenye siki kwanza kungefaa. Kunaweza kufaa, iwapo asidi itaingia hadi ndani ya kila kipande na kuthibitishwa kwa kipimo cha maabara, na hadi hapo ameahidi kuiondoa sokoni. Nilipopita kwenye bucha moja la Kimara baadaye sikuikuta.

Nije kwenye chupa, ambapo ndipo bidhaa hii inapoangukia licha ya ladha yake. Ni chupa ya plastiki ya kawaida ya mililita 250, ya zile zinazouzwa kwa dazeni Kariakoo, na ukiishika mkononi utaona kiuno chake kimebonyea kidogo upande mmoja na kitako hakikai sawa juu ya meza. Nilidhani zimeharibikia njiani hadi nilipoona kwamba zote zimebonyea kwa namna ileile. Sababu ni kwamba mama anafanya jambo sahihi katika chombo kisicho sahihi: sosi ya asidi inapaswa kujazwa ikiwa bado ya moto, angalau nyuzijoto 85, kifuniko kikafungwa hapohapo na chupa ikalazwa au kupinduliwa kwa dakika mbili tatu ili joto liue vijidudu vilivyo shingoni na kwenye kifuniko. Plastiki ile huanza kulegea karibu na nyuzijoto 70. Akiijaza ya moto, chupa inajikunja. Akisubiri ipoe, anaifungia hewa ya jikoni ndani pamoja na kila kilichomo katika hewa hiyo. Hakuna njia ya kati inayofaa. Jawabu ni chupa ya kioo, au ile plastiki maalumu iliyotengenezwa kuvumilia kujazwa kwa moto, ambayo kwa oda ndogo si rahisi kuipata. Ikiwa ya kioo, kifuniko chake kiwe na utando wa plastiki kwa ndani, kwa sababu siki na ukwaju hula bati tupu na kuacha kutu shingoni.

Lebo ni nzuri kwa rangi na mbaya kwa habari. Picha ya ukwaju na pilipili imechorwa vizuri, maandishi ni ya Kiswahili kinachosomeka, na viungo vimeorodheshwa, lakini havikupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, tarehe ya kutengenezwa imeandikwa kwa kalamu ya wino unaofutika kwa kidole chenye mafuta, na namba ya toleo haipo. Hili la mwisho linaweza kuonekana dogo. Mteja mmoja akirudisha chupa iliyovimba, muuzaji asiye na namba ya toleo hulazimika kuziondoa chupa zote rafuni, za wiki hii na za mwezi uliopita, kwa kuwa hajui ni sufuria ipi iliyoharibika. Daftari la mama lina habari zote hizo. Zinahitaji tu kuhamia kwenye chupa. Nilipima pia ujazo, na chupa moja kati ya nilizonunua ilikuwa imepungua kwa kiasi kinachoonekana shingoni, jambo ambalo Wakala wa Vipimo hawatalichukulia kirahisi siku bidhaa itakapoingia maduka makubwa.

Kwa upande wa taratibu za serikali, mama yuko mbele kuliko wengi niliowahi kukutana nao, ingawa alianza kwa kupotezwa. Majirani walimwambia aende TFDA, taasisi ambayo haipo tena kwa jina hilo: mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 yalihamishia masuala ya usalama wa chakula kwenye Shirika la Viwango, TBS, na waliobaki na dawa na vifaa tiba wakaitwa TMDA. Njia aliyoifuata baadaye ndiyo ninayowashauri wengine. Alijisajili TRA akapata namba ya mlipakodi, akaanza usajili wa jina BRELA kwa njia ya mtandao, kisha akaenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, akapata mafunzo ya usindikaji pamoja na barua ya utambulisho ambayo TBS huitambua kwa wajasiriamali wadogo. Kinachobaki ni ukaguzi wa mahali pa kutengenezea na vipimo vya maabara kabla ya kupewa alama ya ubora. Amekwisha kukitenga chumba cha kazi na jiko la nyumbani, amekiwekea wavu dirishani, sakafu na kuta zinazooshwa, na yeye na msaidizi wake wamepima afya. Nilikitazama chumba hicho na nilitoka nikiwa na amani.

Namba ya mistari, ile inayosomwa kwa mashine dukani, bado hana. Zitolewazo na GS1 Tanzania, shirika linalosimamia namba hizo, huanza na tarakimu 620, na namsihi yeye na kila anayeanza asikubali kuuziwa namba za vichochoroni, kwa sababu duka litakapogundua kwamba namba hiyo ni ya sabuni ya mtu mwingine, bidhaa huondolewa na uaminifu huondoka nayo.

Bei ni shilingi 5,000 kwa chupa kwa mlaji, na maduka huuziwa kwa 4,000. Mama alikubali nizione hesabu zake na nizitumie hapa, na naziandika kwa sababu ndizo zinazowatatiza wengi. Gharama ya chupa moja, ikijumuisha chupa, kifuniko, lebo, viungo na gesi, ni shilingi 2,600, na chupa, kifuniko na lebo peke yake vinachukua zaidi ya 1,000 katika hizo. Sufuria moja hutoa chupa 60, kazi ya watu wawili kwa siku mbili. Zote zikiuzwa dukani, hubaki shilingi 84,000, ambazo ukizigawa kwa siku hizo za kazi ni 21,000 kwa kila mtu kwa siku. Zikitoka chupa nne za kuonjesha na zile zilizobonyea mno, hubaki 68,000, sawa na 17,000 kwa mtu kwa siku, na hapo nauli na muda wa kuzungukia maduka bado havijaguswa. Si biashara mbaya, lakini ni biashara inayoweza kuliwa yote na bodaboda usipoangalia.

Kuna pia suala la mali kauli. Maduka mengi ya Dar es Salaam humpokea mtengenezaji mdogo kwa masharti ya kulipa baada ya kuuza, na mama alikuwa na chupa zaidi ya mia moja zilizotawanyika kwa watu, maana yake ni kwamba alikuwa amekopesha zaidi ya laki mbili na nusu za gharama zake bila karatasi yoyote yenye sahihi. Kwa mtu wa duka kama mimi mfumo huo ni wa raha, na kwa hiyo nasema kwa kujua ninachokisema: anayeanza na mtaji mdogo awape mali kauli maduka mawili au matatu anayoyafahamu, yaliyobaki yalipe taslimu hata kama ni kwa chupa sita tu. Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini dukani kizuri kilichofungwa kwenye chupa hakiwezi kujiuza kwa mtu ambaye hajakionja. Duka lililoruhusu kuonjesha kwa vipande vya muhogo siku ya Jumamosi lilimaliza chupa zake zote mchana, na lile lililoziweka rafu ya chini kando ya sabuni lilizirudisha.

Nilimpelekea chupa moja muuzaji wa chipsi wa Sinza ninayemwamini kwa ulimi wake. Aliionja, akaipaka kwenye kipande cha kuku, akasema, “Dada, hii ni tamu kuliko chachandu yangu, sikufichi. Lakini mteja wangu anamimina nusu chupa kwenye sahani moja na hajalipa hata senti ya pilipili.” Yuko sahihi. Vibanda vya chipsi hununua sosi kwa dumu la lita 5 na hutafuta bei ya chini kabisa, na ukishindana huko kwa sosi ya ukwaju halisi utafilisika ukiwa na oda nyingi. Soko la bidhaa hii ni meza ya nyumbani, mgahawa wenye bei ya wastani, bucha lenye jiko la nyama choma, na zawadi. Na kila mwaka, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, ni viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, ambako wajasiriamali wa SIDO huwa na banda na ambako watu huja wakiwa na nia ya kuonja na kununua.

Wasiwasi wangu mkubwa uliobaki ni malighafi. Ukwaju hausumbui, kwa kuwa hukaushwa na kuja kwa magunia kutoka Dodoma na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Pilipili mbuzi mama huzinunua soko la Ilala kwa yeyote mwenye nazo asubuhi hiyo, na wakati wa masika huwa chache, zenye maji mengi na ghali. Hata wakubwa huumizwa na jambo hili: kampuni ya Huy Fong Foods ya California, iliyoanzishwa mwaka 1980 na David Tran na kuifanya sosi ya pilipili iitwayo sriracha ijulikane Marekani nzima, ilitegemea shamba moja kwa karibu miaka thelathini, ikakosana na mkulima huyo, na mwaka 2022 ililazimika kusimamisha uzalishaji kwa kukosa pilipili. Anayeanza Kimara hawezi kulima shamba lake mwenyewe, lakini anaweza kununua pilipili zikiwa nyingi na za bei nafuu, akazisaga na chumvi na kuzihifadhi kwenye ndoo za chakula zenye mifuniko, kama watengenezaji wa Tabasco wanavyohifadhi pilipili zao zilizosagwa kwenye mapipa ya mwaloni hadi miaka mitatu. Ladha itabadilika kidogo kwa sababu ya kuchacha, na ni lazima daftari liandikwe upya, ila sosi ya Aprili itafanana na ya Agosti. Mama amejaza ndoo moja kwa majaribio, na niliyoionja kutoka humo ilikuwa na kina zaidi kuliko ya pilipili mbichi.

Kwa wanaotaka kununua sasa: chukueni ya ukwaju, kagueni kifuniko kiwe kimeshika, na ukishaifungua iweke kwenye friji na uimalize ndani ya miezi miwili. Ya embe isubiriwe hadi mtengenezaji aanze kupima kila sufuria. Toleo lijalo la ukwaju litakuja kwenye chupa ya kioo yenye namba ya toleo iliyochapwa, na bei itapanda hadi shilingi 6,000 kwa mlaji. Kwa bei hiyo nimeshaagiza katoni moja kwa ajili ya duka, kwa fedha taslimu.